Pedi au rimoti ya Wii: Resident Evil 4 ichezwe kwenye mashine ipi ukiwa Kigoma

Resident Evil 4 ya Capcom ilitoka kwanza kwenye GameCube, Januari 2005. Oktoba mwaka huohuo ikahamia PS2, mwaka 2007 ikaja Wii, mwaka 2011 ikafika PS3 na Xbox 360, na Machi 2023 ikatoka nyingine iliyojengwa upya tangu msingi. Mtu wa Mwanga, Gungu au Ujiji anayesaka mashine ya mtumba ili aicheze ile ya awali kwa kawaida huishia kupima tatu: PS2, Wii na PS3. Wauzaji humwambia gemu ni ileile, kinachotofautiana ni picha tu. Si kweli. Picha hutofautiana kidogo. Kinachotofautiana sana ni jinsi mkono unavyolenga, na hapo ndipo panapoamuliwa kama utakaa na gemu ya kutisha au gemu ya mapambano.

Jambo hili linastahili kuelezwa kabla ya kufika kwenye waya na betri, kwa sababu wengi hununua mashine nzuri kisha wanalalamika kwamba gemu haitishi, au kwamba inatisha mno hadi haichezeki.

Hofu ya zamani ilikaa kwenye vidhibiti

Resident Evil ya kwanza, ya 1996 kwenye PlayStation, iliongozwa na Shinji Mikami. Kamera ilifungwa kwenye kona ya chumba na haikukufuata. Ukibonyeza juu, mhusika alikwenda kule uso wake ulikoelekea, hata kama kwenye skrini huko ni chini. Kushoto na kulia vilimzungusha palepale aliposimama. Kati ya wahusika wawili wa kuchagua, Chris alibeba vitu 6 tu, Jill 8. Kuhifadhi mchezo kulitaka utepe wa wino wa taipureta, na tepe zilikuwa za kuhesabu. Aliyempiga risasi kila zombi aliishiwa, hivyo mchezaji alijifunza kukwepa, kukariri korido na kuacha baadhi ya milango bila kuifungua. Kulenga kulikuwa kwa kubahatisha: unanyanyua bastola, unageuka kuelekea sauti, unafyatua.

Kutoka hapo hadi 2005 Capcom ilizunguka sana. Jaribio mojawapo la sehemu ya nne, lililokuwa mikononi mwa Hideki Kamiya, lilikwenda mbali na hofu kiasi kwamba likatolewa kama gemu nyingine kabisa, Devil May Cry, mwaka 2001. Iliyokuja kuitwa Resident Evil 4 ilishusha kamera nyuma ya bega la mhusika mkuu, Leon S. Kennedy, na kuweka mwanga mwekundu wa leza kwenye mdomo wa bunduki. Maadui si zombi wa kujikokota tena. Ni wanakijiji wanaoitana, wanaopanda ngazi, wanaorusha shoka na kukuzunguka kwa nyuma. Wakifa huacha risasi na fedha. Kuna mchuuzi anayekuuzia silaha na kuziboresha, begi linalopangwa vitu kwa visanduku, na taipureta isiyodai utepe.

Lakini kitu kimoja cha zamani kilibaki: Leon hawezi kutembea akiwa amenyanyua silaha. Ukilenga, umesimama. Hofu yote iliyosalia katika gemu hii imeegemea hapo, na ndiyo maana kasi ya mkono wako ina uzito mkubwa hivi. Mkono ukiwa mzito, kila sekunde ya kusimama ni hatari. Mkono ukiwa mwepesi, unasimama, unapiga vichwa vitatu, unaondoka.

PS2: leza inayotembea taratibu

Kwenye PS2 unashikilia R1, Leon ananyanyua silaha, leza inatokea, na unaisukuma kwa kijiti cha kushoto, kilekile unachotembelea. L1 hutoa kisu. Leza haina haraka. Adui akiwa kushoto kabisa mwa skrini, kuizungusha mpaka usoni kwake kunachukua muda wa kutosha yeye kupiga hatua mbili au tatu. Ndiyo maana wachezaji wa pedi hujifunza mambo ambayo wa Wii hawayahitaji sana: kuweka mgongo ukutani kabla ya kunyanyua silaha, kupiga mguu badala ya kichwa kwa adui anayekimbia, kusogelea kwenda kumpiga teke anapoyumba, na kugeuka nyuma ghafla kwa kuvuta kijiti chini huku ukibonyeza kitufe cha kukimbia. Teke ni mali: halili risasi, na linaangusha wote waliosongamana pale.

Kwa anayetaka hofu ibaki, pedi ni bora kuliko rimoti. Hili ni maoni yetu na tunayasimamia. Mapambano ya mwanzo pale kijijini, na yule mwenye msumeno wa injini anayekata shingo kwa pigo moja, yalipimwa kwa mkono wa aina hii.

Hasara za PS2 ni mbili. Picha ilipunguzwa ikilinganishwa na GameCube: miti michache, mwanga na ukungu hafifu, na sehemu za filamu ni video iliyorekodiwa, kwa hiyo ukimbadilishia Leon nguo, kwenye filamu hizo anaonekana na nguo za kawaida. Faida iliyokuja nayo ni sehemu ya ziada iitwayo Separate Ways, unayomchezesha mhusika mwingine, Ada Wong, pamoja na silaha ya P.R.L. 412, ambavyo GameCube haikuwa navyo.

Hasara ya pili ni pedi yenyewe. Pedi zilizopo sokoni ama ni za zamani zilizochakaa vijiti, ama ni za kuiga. Kuijua iliyochakaa ni rahisi kwenye gemu hii: shikilia R1, achia kijiti kabisa, tazama nukta nyekundu. Ikijisogeza yenyewe kuelekea upande mmoja, kijiti kimekwisha ndani, na kusafisha vumbi kwa spiriti kutasaidia siku chache tu. Jaribu pia memori kadi. Hifadhi mchezo, zima mashine, chomoa kadi, rudisha, washa. Kadi za kuiga husoma vizuri mpaka siku zinapofuta kila kitu, kwa hiyo asiyeweza kupata ya asili awe na mbili na ahifadhi kwenye zote.

Wii: mkono unalenga wenyewe

Toleo la Wii lilichukua picha za GameCube, likaongeza Separate Ways na vingine vya PS2, kisha likabadilisha namna ya kulenga. Kwa upande wa vilivyomo, ndilo kamili kuliko yote mawili yaliyolitangulia.

Rimoti inashikwa mkono mmoja, na Nunchuk, kile kipande chenye kijiti, mkono mwingine. Kijiti cha Nunchuk hutembeza, Z hukimbiza. B ya chini ya rimoti hunyanyua silaha, A hufyatua. Badala ya leza kuna duara la shabaha, nalo linakwenda unapoelekeza rimoti, papo hapo. Ukitikisa rimoti huku umeshika B, Leon anajaza risasi. Ukiipunga bila B, anachomoa kisu na kukata. Kwenye matukio ya ghafla, kama jiwe kubwa linalobingirika, unapunga haraka badala ya kugonga kitufe mfululizo. Anayetumia mkono wa kushoto hubadilishana vipande viwili tu, hana haja ya kupanga kitu kingine.

Matokeo yake ni makubwa. Shoka lililorushwa angani unaweza kulipiga risasi kabla halijakufikia. Kwenye pedi hilo linawezekana, kwenye Wii ni kawaida. Kuvunja kreti kwa kisu hakukuchukulii muda. Vichwa vinapigwa mfululizo. Hapo lazima tuonye: kuanzia usiku wa kijijini, baadhi ya vichwa vikipasuka hutoka kimelea chenye mikono mirefu, kigumu kuliko mwenye kichwa. Mchezaji wa Wii aliyezoea kupiga vichwa tu hujiongezea kazi. Apige miguu, adui apige magoti, amalize kwa teke au kisu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Gemu hii inakupima kimyakimya. Ukilenga vizuri na huumii, maadui wanakuwa wakali zaidi. Ukifa mara kwa mara, inakulegezea. Kwa hiyo rimoti haifanyi mteremko usioisha, kwa sababu gemu inakusukuma nayo. Lakini inakusukuma kwa wingi na nguvu za maadui, si kwa kukuogopesha. Mwenye Wii anayetaka ugumu wa kweli amalize ngazi ya Normal, kisha aingie Professional inayofunguka baada yake. Huko ukali umefungwa juu na haulegezwi.

Kwa kifupi cha sehemu hii: Wii ndiyo njia yenye raha zaidi ya kupiga risasi katika Resident Evil 4, na ndiyo inayopunguza hofu zaidi. Anayeipenda kwa ajili ya mapambano asisite.

Kwa nini duara linatetemeka

Kile kijiti cheusi kinachowekwa juu ya TV huitwa kihisi, ila hakihisi chochote. Ni taa mbili za mwanga usioonekana kwa macho, kila upande kundi moja. Kamera iko kwenye pua ya rimoti. Inatafuta nukta mbili za mwanga, na kutokana na mahali inapoziona mashine inajua umeelekeza wapi. Ukilielewa hilo, karibu kila tatizo la Wii unaweza kulitafuta mwenyewe.

Kamera hiyo haijui tofauti kati ya taa zake na mwanga mwingine wa moto. Jua, mshumaa, kibatari, balbu za zamani za waya, hata jua linaloakisiwa na kioo cha kabati, vyote vinaingia. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua huzama karibu saa moja jioni, na kuanzia alasiri linaingia chini kwa chini kwenye mlango au dirisha linalotazama ziwani. TV ikiwekwa upande huo wa chumba, duara litaruka hovyo kila jioni na utadhani rimoti imekufa. Hamishia TV ukuta wa mashariki ili rimoti iwe na mgongo kwa jua, au weka pazia zito. Kwenye banda la mabati lenye matundu, miale inayopenya nyuma ya TV inatosha kuharibu. Zibeni matundu ya upande huo kwanza.

Umbali mzuri ni mita 1 hadi 3. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, TV ikiwa mguuni mwa kitanda na mchezaji ameketi karibu chini ya mita moja, taa moja inatoka nje ya macho ya kamera kila anapolenga pembeni, na duara linapotea. Sogea nyuma kabla ya kulaumu mashine. Kama bado linatetemeka, ingia kwenye mipangilio ya Wii, eleza kama kijiti kiko juu au chini ya TV, kisha punguza au ongeza usikivu, ambao una ngazi 1 hadi 5. Chumba chenye mwanga mwingi kinataka usikivu mdogo.

Kujua kama kijiti kinafanya kazi, washa Wii, kitazame kupitia kamera ya simu, hasa ya mbele. Utaona vitone vya zambarau au vyeupe pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa giza, waya umekatika, mara nyingi pale unapokunjwa nyuma ya TV au panya alipotafuna. Kwa dharura, mishumaa miwili iliyowekwa umbali wa sentimita 20 hivi mbele ya TV huchukua nafasi ya kijiti na rimoti hulenga vizuri tu, lakini iwe mbali na pazia na mtoto asiachwe nayo.

Rimoti hula betri mbili za AA. Betri nzuri za alkaline zinakaa zaidi ya saa 20 za kulenga. Zile za bei ya chini zinazouzwa kwa ajili ya tochi na redio zinakata mapema sana, na dalili ya kwanza ni rimoti kujizima katikati ya mapambano. Nunua za kuchaji, nne, mbili zikiwa kwenye chaja. Zitaonyesha alama ya betri pungufu hata zikiwa zimejaa kwa sababu volti yake ni 1.2 na si 1.5. Hilo si tatizo. Ukiacha kucheza kwa muda mrefu zitoe, kwani betri iliyovuja huharibu sahani za ndani na joto la hapa haliicheleweshi.

Kipande cha nyongeza kiitwacho MotionPlus kilichotoka 2009 hakihitajiki kwa gemu hii. Usilipie zaidi kwa sababu ya hicho. Kamba ya mkononi, kinyume chake, idai. Rimoti iliyoteleza wakati wa kupunga kisu inavunja kioo cha TV, na kioo ni ghali kuliko Wii nzima.

Kabla ya kulipia Wii ya mtumba

Geuza adapta usome maandishi. Ya Ulaya na Uingereza imeandikwa 230V na inaingia moja kwa moja kwenye umeme wetu. Ya Marekani ni 120V, ya Japani ni 100V, na ukiichomeka ukutani bila kipunguza umeme inaungua palepale. Mashine yenyewe inapokea 12V kwa ampea 3.7, kwa hiyo adapta mbadala yenye 100–240V inatosha ilimradi plagi yake iingie, maana ya Wii ina umbo lake.

Soma pia asili ya mashine na ya diski. Wii imefungwa kwa kanda: diski ya Japani haichezi kwenye Wii ya Ulaya, wala ya Marekani. PS2 ni vivyo hivyo. Mtu anayenunua mashine kwa mmoja na diski kwa mwingine, au anayeagiza diski kutoka Kariakoo ije kwa basi, aulizie hilo kwanza. Safari ya kurudisha diski ni ndefu.

Kisha jaribu dukani. Tia diski na usikilize: kugonga mara kwa mara au kutoa ujumbe wa kushindwa kusoma ni lenzi. Elekeza rimoti kwenye kona nne za skrini, moja baada ya nyingine, na uone mkono wa kwenye skrini unafika zote. Tikisa Nunchuk, bonyeza Z na C. Angalia kama TV yako ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, kwani Wii haina HDMI. TV mpya za bapa nyingine zina tundu moja dogo linalotaka waya wa kubadilisha. Kwenye TV hizo washa hali ya mchezo katika mipangilio ya picha. Bila hiyo duara huja nyuma ya mkono, na utamu wote wa rimoti unapotea.

PS3: mambo yamekwenda kwenye mapambano kabisa

Hapa kuna mtego. Resident Evil 4 ya PS3 ya mwaka 2011 iliuzwa nje ya Japani kwa kupakuliwa mtandaoni, siyo kwa diski. Utakayoikuta kwa wauzaji kwa urahisi ni Resident Evil 5 ya mwaka 2009, na wengine huiuza kana kwamba ni mwendelezo wa ladha ileile.

Siyo. Inafanyika katika nchi ya kubuni ya Afrika iitwayo Kijuju, mchana kweupe, na maadui wake huitwa Majini. Chris Redfield ana mwenzake muda wote, Sheva Alomar. Bado huwezi kutembea huku unapiga risasi, lakini una mwenzako, na hilo peke yake linaondoa nusu ya hofu. Begi lina nafasi 9 kwa kila mtu na mchezo hausimami unapolifungua, kwa hiyo panga dawa na risasi kabla ya mlango. Ukicheza na Sheva anayeongozwa na mashine, mpe bastola na bunduki yenye risasi nyingi. Ukimpa dawa zote atazitumia kwa jeraha dogo. Mwaka 2012 Resident Evil 6 ikaruhusu kutembea huku unalenga, na hapo kile kilichobaki tangu 1996 kikawa kimeondoka.

PS3 nayo ina rimoti yake ya kupunga, Move, ya mwaka 2010, na toleo la Gold la Resident Evil 5 liliwezeshwa kuitumia. Kanuni yake ni kinyume cha Wii: rimoti ina mpira unaong'aa na kamera iko kwenye TV. Jua la nyuma ya mchezaji ndilo linaloisumbua. Huchajiwa kwa USB, ambalo ni jambo jema. Lakini unahitaji kamera, Move moja au mbili na toleo sahihi la gemu, na kuvikusanya vyote Kigoma ni kazi. Hatushauri kuanza huko.

Nguvu ya PS3 ni wachezaji wawili kwenye TV moja, skrini ikigawanywa. Kwa mwenye banda anayelipwa kwa muda, hilo ni wateja wawili kwenye viti viwili. Resident Evil 4, PS2 au Wii, ni ya mtu mmoja, na hadithi yake ya saa 15 hadi 20 haifai banda ambako mteja anakuja kwa nusu saa. Dawa ipo: maliza hadithi mara moja ili kufungua The Mercenaries, raundi fupi za kukimbizana na saa na kuhesabu alama. Watu wawili wanapokezana, anayepata alama nyingi anashinda. Kwa raundi hizo Wii inavutia zaidi kwa watazamaji, na mgeni anaelewa kulenga ndani ya dakika moja. Pedi itamchukua siku.

Umeme ukikatika

Hapa muundo wa gemu unakutana na maisha ya hapa. Katika Resident Evil 4 ukifa unarudishwa karibu na pale ulipokuwa, lakini kumbukumbu hiyo iko ndani ya mashine iliyowaka. Umeme ukikatika, unarudi kwenye taipureta ya mwisho uliyohifadhi, au mwisho wa sura. Huo unaweza kuwa dakika 40 nyuma. Resident Evil ya kwanza ni kali zaidi, kwa sababu utepe wenyewe ni haba na huwezi kuhifadhi kila unapopenda. Resident Evil 5 hujihifadhi yenyewe njiani. Kwa mtu ambaye mtaa wake hukatikiwa mara kwa mara, hii ni sababu nzito kuliko picha.

Kwa ile ya nne, hifadhi kila taipureta bila kujivunia, na tumia nafasi mbili kwa zamu: umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili moja huharibika na nyingine inabaki. Wii huandika kwenye kumbukumbu yake ya ndani, kwa hiyo huna kadi ya kupoteza.

Wii inapochezwa hula wati zisizofika 20. PS3 nyembamba hula kati ya 70 na 100. Ukicheza saa tano, Wii haimalizi hata sehemu ya kumi ya uniti ya LUKU, wakati PS3 inakaribia nusu uniti. TV haimo kwenye hesabu hiyo. Nyumba ya LUKU haitaona tofauti kubwa, nyumba ya sola itaiona usiku wa kwanza. Na mwenye sola asiunge Wii moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa zote zimeandikwa 12V. Betri inapochajiwa hupanda hadi zaidi ya 14. Pitisha kwenye inveta au kidhibiti cha volti.

Kati ya Novemba na Aprili, msimu wa mvua na radi, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi ya mashine, ya TV, na waya wa antena. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa sababu mara nyingi hurudi ukiwa umepanda.

Nani achukue ipi

Anayetaka Resident Evil 4 nyumbani, peke yake, kwa ajili ya raha ya kulenga, achukue Wii ya Ulaya yenye adapta ya 230V. Anayetaka kuogopa achukue PS2. Huko ana Resident Evil 4 ya pedi, na kwa kuwa PS2 husoma diski za PlayStation ya kwanza, anaweza kurudi nyuma hadi zile tatu za 1996, 1998 na 1999. Tungeshauri aanze na ya 1998, haina ukatili wa ya kwanza kwenye kuhifadhi na bado korido zake zinabana. Mwenye banda achukue PS3 kwa ajili ya wawili wawili, na gemu za mpira zitamlipia umeme.

Kwa aliye na nafasi ya Wii na bado anataka hofu, kuna njia ya tatu ambayo haina haja ya mashine ya pili. Wii za mwanzo, zilizoandikwa RVL-001 kwenye kibandiko chao, zina milango midogo inayofunika matundu manne ya pedi za GameCube na mawili ya memori kadi, na husoma diski za GameCube. Hapo inaingia Resident Evil iliyotengenezwa upya mwaka 2002, yenye kamera zake za kona na tepe zake za wino, ichezwe kwa pedi ya GameCube. Pedi hiyohiyo inakubaliwa na Resident Evil 4 ya Wii, kwa hiyo mtu anaweza kucheza sura moja kwa rimoti na nyingine kwa pedi akapima mwenyewe. Zile za RVL-101 zilizokuja 2011 zimeondolewa matundu hayo. Muuzaji akikwambia zote ni moja, mwombe afungue milango hiyo mbele yako, na uhakikishe memori kadi ya GameCube imo kwenye bei, kwani kumbukumbu ya ndani ya Wii haihifadhi gemu za GameCube.